Kabla ya Kusema "Mleteni"

Mwaka 2022 Kenya ilifanya mambo mawili ambayo taratibu yanafika milangoni mwa watu wa Kericho na Bomet. Mwezi Julai sheria mpya ya watoto ilianza kutumika, ikichukua nafasi ya ile ya 2001. Mwaka uo huo serikali ikazindua mkakati wa miaka kumi, unaofikia 2032, wa kuwatoa watoto katika makao ya watoto na kuwarudisha katika familia. Kabla ya hapo, Novemba 2017, usajili wa makao mapya ulikuwa umesimamishwa. Watoto wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 40,000 walikuwa wakilelewa humo nchini kote. Wengi wao wana pa kurudi: kwa mama, kwa nyanya, kwa mjomba. Lakini wapo ambao jamaa zao hawajapatikana, au wamepatikana ila nyumba yao bado si salama, na hao wanahitaji mtu asiye wa damu yao awapokee kwa miezi kadhaa au miaka michache. Kisumu na Nyamira, kaunti zinazopakana na nchi yetu ya chai, zilikuwa miongoni mwa za kwanza kujaribu mageuzi haya, kwa hiyo jambo hili si la Nairobi tu. Familia inayofikiria kumpokea mtoto wa aina hiyo kwa kawaida huanza na swali la chakula na karo. Swali hilo ni la haki, nami nitalirudia hapa chini, lakini naliweka la pili. La kwanza ni gumu zaidi: je, mnaweza kumlea mtoto kwa moyo wote huku mkijua kwamba ana wenyewe, na kwamba kazi yenu ikifanikiwa huenda akaondoka?

Naliweka mbele kwa sababu ndilo linalotenganisha ulezi wa muda na mambo mengine yanayofanana nao, na kuyachanganya ndiko kunakozaa majuto mengi. Anayemuasili mtoto hupewa na mahakama haki zote za mzazi, naye mtoto huwa wake daima, na urithi juu. Mlezi wa kisheria husimama mahali pa mzazi aliyekufa au asiyeweza. Waislamu wana kafala, ambayo sheria ya 2022 imeitambua waziwazi. Shangazi anayemchukua mtoto wa marehemu nduguye analea kijamaa, na huo ndio ulezi ulioenea kuliko wote nchini. Mlezi wa muda yuko kando ya hao wote. Mtoto huletwa kwake kwa kibali cha mamlaka ya watoto, baada ya afisa wa watoto kuichunguza nyumba na watu wake. Atamlisha, atampeleka shule na hospitali na kumwadibu kama mzazi, lakini jina la mtoto halibadiliki, mzazi aliyemzaa hapotezi nafasi yake, na afisa ana haki ya kuja kutazama hali wakati wowote. Kwa maneno mengine, ni kazi ya mzazi bila cheo cha mzazi. Yeyote anayefikiria kuifanya na aitazame sura hiyo kwanza, kabla ya kutazama sura ya mtoto.

Huku vilimani jambo hili lina ugumu wake wa pekee, nao hautokani na uchache wa huruma. Wakipsigis wamelea watoto wa wenzao tangu zamani, lakini kwa njia iliyokusudia kudumu. Mtoto aliyeachwa alifuatwa na ukoo, ule unaoitwa oret, akapewa nyumba ambayo sasa ilikuwa yake. Hata desturi ya mwanamke asiye na mwana wa kiume kuoa mwanamke mwenzake ilikuwa na shabaha hiyo hiyo: watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba ile, waibebe na kuirithi. Mtoto hakuwa wa kupita. Na wazee wa kokwet, yaani wa ujirani, walijua nani ni wa wapi, hivyo karatasi haikuhitajika. Sheria ya sasa inamwomba mtu yule yule, mwenye malezi hayo damuni, afanye kinyume: ampokee mtoto asiye wa oret yake, pengine asiye hata wa kabila lake, kwa maana mashamba makubwa ya chai yamewaleta watu kutoka Kisii, Nyanza na Magharibi kwa takriban miaka mia moja; amlee vizuri; kisha awe tayari kumwachilia. Wanaokataa wasihukumiwe kuwa wana roho ngumu. Mara nyingi wanakataa kwa sababu wanaujua ulezi wa aina moja tu, nao ni ule usio na mwisho.

Pamoja na hilo kuna hofu ya ardhi, na hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu watu wengi wameielewa kinyume. Vipande vya chai vimegawanywa kwa wana na wajukuu hadi vingine havifiki hata ekari moja. Mwenye kipande kama hicho akiambiwa ampokee mvulana wa miaka tisa, hesabu ya kwanza inayomjia ni ya miaka kumi na tano ijayo: je, huyu hatasimama siku ya mazishi yangu adai mistari yake ya chai? Atajilinda, anavyodhani, kwa kumchukua mtoto kimyakimya, bila afisa wala chifu, ili pasiwe na maandishi yoyote ya kumpa haki. Kumbe sheria ya urithi ya Kenya inamwelekeza kwingine kabisa. Sheria hiyo, katika kuwataja wanaoweza kuiomba mahakama sehemu ya mali ya marehemu, inawataja pia watoto ambao marehemu aliwachukua katika familia yake kama wake mwenyewe na alikuwa akiwatunza kabla ya kufa. Mtoto aliyelelewa miaka kumi bila karatasi yoyote, akaitwa mwanangu mbele ya kanisa na shule, ana hoja ya kuipeleka mahakamani. Yule aliyeletwa kwa kibali, kwa muda uliotajwa na kwa faili inayosema wazazi wake ni fulani, yuko katika hali tofauti: maandishi yenyewe yanaeleza kwamba alikuja kulelewa, si kuingizwa katika ukoo. Kwa hiyo anayeihofia ardhi yake ana kila sababu ya kufuata njia ya afisa wa watoto. Karatasi ile ile inamlinda pia mtoto, asije akafanywa mtu wa nyumba leo na mgeni kesho kadiri bei ya majani inavyopanda na kushuka.

Sasa, kwa nini mtu ajitie katika kazi yenye masharti mazito hivi? Sababu kubwa ni ushahidi kuhusu watoto wachanga, na ushahidi wenye nguvu zaidi ulipatikana mbali nasi, Bucharest, mji mkuu wa Romania. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti watatu wa Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, waliwafuata watoto 136 waliokuwa wakiishi katika vituo vya serikali. Nusu yao walichaguliwa kwa kura wakapelekwa kwa walezi, nusu wakabaki katika utaratibu wa kawaida wa vituo. Kwa kuwa kura ndiyo iliyoamua, tofauti zilizoonekana baadaye hazikuweza kuelezwa kwa kusema kwamba walezi walijichagulia watoto wenye akili au afya. Walipofika miaka minne na nusu, waliopelekwa kwa walezi walikuwa na wastani wa alama 81 katika vipimo vya akili, wenzao waliobaki 73. Watoto wa mji huo waliokuwa wakiishi na wazazi wao tangu kuzaliwa walikuwa na 109. Waliotolewa kabla ya kutimiza takriban miaka miwili walifaidika zaidi, hasa katika uwezo wa kumshikilia mtu mmoja kama kimbilio lao. Kilichokosekana vituoni hakikuwa maziwa wala vitanda. Kilichokosekana ni mtu mmoja yule yule anayeitika mtoto anapolia usiku, na tena kesho yake, na tena kesho kutwa, kwa sababu wafanyakazi wa zamu huja na kuondoka.

Lakini ushahidi huo usisomwe nusu nusu, na hapa watetezi wa mageuzi wakati mwingine hukimbia mno. Kuna utafiti mwingine, uliochapishwa 2009 na kundi lililoongozwa na Kathryn Whetten wa Chuo Kikuu cha Duke, uliowahusu karibu watoto 3,000 mayatima na walioachwa, wenye umri wa miaka 6 hadi 12, katika nchi tano. Kenya iliwakilishwa na Bungoma, Tanzania na eneo la Kilimanjaro. Waliokuwa katika makao hawakuonekana kuwa na hali mbaya kuliko waliokuwa wakilelewa kwenye jamii, kwa afya, kwa hisia wala kwa masomo. Katika baadhi ya vipimo walikuwa na nafuu kidogo. Karibu nasi zaidi, huko Uasin Gishu, watafiti wanaoshirikiana na Chuo Kikuu cha Moi walionyesha mwaka 2014 kwamba makao yaliwatimizia watoto mahitaji ya msingi, kama viatu, nguo za kubadilisha na blanketi, zaidi ya kaya nyingi za jamaa. Mtu mwenye akili timamu anaweza kuuliza: basi ya nini kumtoa mtoto panapomlisha na kumleta kwangu, ambako paa linavuja?

Pingamizi hili linastahili jibu la kweli. Kwanza, tafiti hizi mbili hazipingani na ile ya Bucharest. Zinazungumza juu ya watoto wa umri mwingine, na makao mengi ya Afrika Mashariki ni madogo na yana walezi wa kudumu zaidi kuliko vituo vya Romania vya siku zile. Kwa mtoto mchanga hoja ya familia ni nzito sana. Kwa mvulana wa miaka kumi na mmoja aliyezoea makao yake, shule yake na rafiki zake, inategemea ni familia ipi. Pili, walezi wa Bucharest walilipwa, na wafanyakazi wa ustawi wa jamii walikuwa wakiwafikia mara kwa mara na kuwasaidia. Kaya za Bungoma na Uasin Gishu kwa sehemu kubwa zilibeba mzigo peke yao. Tukizilinganisha, tunajifunza jambo ambalo sera zetu bado hazijalimeza: neno familia halina dawa ndani yake. Kinachomponya mtoto ni mtu mzima aliyetulia, mwenye muda, mwenye msaada nyuma yake, ambaye hatabadilishwa badilishwa. Nyumba isiyo na sifa hizo si bora kuliko makao mazuri, na afisa anayempeleka mtoto humo ili idadi ya waliotolewa makaoni ipande anamdhulumu mtoto. Ndiyo maana swali la kuwa mlezi au kutokuwa halijibiwi kwa jumla. Linajibiwa kwa nyumba moja na mtoto mmoja.

Turudi kwenye lile la kuachilia, maana ndipo penye pingamizi la pili, nalo hutoka kwa watu wema hasa. Wanasema: je, si ukatili kumpa mtoto mama kisha kumnyang'anya? Si afadhali asizoee mtu? Uchungu huo upo, na mlezi asidanganywe kwamba hautamfika. Atalia, na watoto wake mwenyewe watauliza kwa nini ndugu yao ameondoka. Ila yaliyojulikana Bucharest yanaonyesha kwamba mtoto asiyepata kabisa mtu wa kumzoea ndiye anayeumia kwa kina na kwa muda mrefu. Uwezo wa kumpenda mtu mmoja haumaliziki kwa huyo mmoja. Aliyejifunza kwa mlezi kwamba mtu mzima huaminika anaenda na somo hilo kwa mama yake au kwa familia itakayomuasili. Kinachomvunja ni kuhamishwa hamishwa: leo Litein, mwezi ujao Sotik, kisha kurudi makaoni kwa sababu mlezi amechoka. Kwa hiyo tishio kubwa zaidi kwa mtoto kuliko kuondoka kulikopangwa ni mlezi aliyeitikia haraka akakata tamaa mapema. Atakayejiona hana hakika na asite sasa, kabla mtoto hajafungua begi lake.

Na kurudi kwa wazazi si ndoto ya maofisini. Shirika la Save the Children lilikadiria mwaka 2009 kwamba duniani angalau watoto wanne kati ya watano walio katika vituo wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Kilichowatenga mara nyingi ni umaskini, ugonjwa, pombe, ndoa iliyovunjika au hamu ya shule. Katika nchi ya chai yapo mengine ya kwetu. Mfanyakazi wa shamba kubwa anaishi kambini katika nyumba ya kampuni, na nyumba hiyo inashikamana na kazi. Kazi ikiisha, familia nzima hufunga virago. Mashine za kuchuma zimepunguza kazi za mikono kiasi cha watu kuzichoma moto mwaka 2023. Mama aliyepoteza kazi na nyumba kwa siku moja anaweza kushindwa kukaa na watoto kwa miezi minane huku akitafuta pa kusimama, bila kuwa mama mbaya. Vifo vya ghafla navyo vipo: jioni ya Juni 30, 2023, zaidi ya watu 50 walikufa katika ajali ya barabarani ya Londiani Junction, na kila msiba wa aina hiyo huacha watoto ambao wiki za kwanza hakuna ajuaye nani atawachukua. Kwa hao wote mlezi wa muda ni msaada kwa familia nzima. Anamshikia mtoto mama asiyeweza kumshika leo. Akimtazama mama huyo kama mshindani, au akimwambia mtoto maneno mabaya juu yake, ameiharibu kazi aliyoitiwa, hata kama mtoto anashiba na kuongoza darasani.

Watu hupenda kusema damu ni nzito kuliko maji, na husema hivyo kama kikomo cha mazungumzo. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Jamaa anayefaa ndiye wa kwanza kutafutwa, na mwelekeo wa sera yetu ni huo huo. Hoja yangu ni kwamba mlezi asiye wa damu anahitajika pale ambapo damu imeshindwa au bado inatafutwa. Jamaa naye anaweza kuwa ndiye aliyemdhuru mtoto, jambo ambalo wazee na wachungaji wetu huchelewa kulikubali. Ndoa ya utotoni na ukeketaji bado vina watetezi katika baadhi ya maeneo yetu, ijapokuwa sheria inavikataza vyote viwili. Binti aliyekimbia nyumbani likizo ya Desemba kwa sababu hiyo hawezi kurudishwa kwa shangazi aliyekuwa anapanga sherehe.

Yapo mambo ambayo, kwa maoni yangu, yanatosha kumfanya mtu aseme hapana, walau kwa sasa. La kwanza ni hamu ya kupata mtoto wa kudumu. Wanandoa ambao hawajajaliwa wana haki ya kutamani, na sheria imewawekea njia ya kuasili, lakini wakiingia kupitia mlango wa ulezi wa muda wakitumaini mzazi hatatokea, watajikuta wakiomba jambo ambalo mtoto anaomba lisitokee. La pili ni hamu ya mikono. Hakuna ubaya mtoto kuteka maji au kumfuata mlezi kwenye chai Jumamosi, kama watoto wengine wa nyumba wanavyofanya. Lakini palipo na mtoto wa nyumba anayekwenda shule na mtoto aliyeletwa anayebaki kuchuma, kubeba kikapu hadi kituo cha kununulia na kulala jikoni, hapo hapana ulezi, kuna utumishi, na sheria zetu za kazi haziruhusu mtoto wa chini ya miaka 13 aajiriwe kwa kazi yoyote. Majirani huliona hilo mapema kuliko afisa, na nambari 116 ya simu ya watoto haitozi pesa. La tatu ni mume na mke wasiopatana juu ya jambo lenyewe. Mmoja akiridhia ili kumnyamazisha mwenzake, mtoto atalipia ukimya huo. La nne linawahusu watu wa kambini: mwenye nyumba ya kampuni aulize kwanza kama anaruhusiwa kumweka mtoto asiye wake, na aseme wazi mkataba wake unaisha lini. Chumba kimoja chenye watu sita si dhambi, ila mtoto aliyewahi kudhulumiwa anahitaji mahali pa kulala penye usalama, na hilo halikwepeki kwa nia njema.

Sikutaja umaskini katika orodha hiyo, wala kutokuwa na mume. Mwanamke wa peke yake mwenye chai kidogo, ng'ombe wawili na kipato kinachotabirika anaweza kuwa mlezi bora kuliko tajiri wa mjini aliye safarini kila wiki. Neno zito hapo ni kinachotabirika. Mkulima wa kiwanda cha KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, hulipwa malipo ya kila mwezi kwa kilo alizopeleka, na bonasi mara moja kwa mwaka, karibu na Oktoba. Bonasi za viwanda vya upande wetu wa magharibi mwa Bonde la Ufa kwa miaka kadhaa zimekuwa chini ya zile za mashariki, na mwaka hadi mwaka hubadilika bila kumwuliza mtu. Mwenye kupanga ulezi apige hesabu kwa malipo ya mwezi peke yake, na bonasi aihesabu kuwa haipo. Aingize mambo yanayosahaulika: nauli ya kwenda kliniki, sare ya shule iliyo tofauti na ya watoto wake, cheti cha kuzaliwa ambacho bila hicho usajili wa shule na mitihani huwa mgumu, na usajili wa bima ya afya. Mtoto anayeishi na virusi vya ukimwi ana dawa za bure na maisha marefu mbele yake, mradi apelekwe kliniki tarehe ikifika na dawa ziliwe kila siku bila kufichwa kama aibu. Mlezi asiyeweza kutunza siri hiyo mbele ya wageni wa Jumapili aseme mapema.

Na serikali je? Hapa sina budi kusema wazi. Mpango wa fedha kwa kaya maskini zenye mayatima, ulioanza kama jaribio mwaka 2004, hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya, na hauzifikii nyumba zote zinazostahili. Romania iliwalipa walezi wa utafiti ule. Sisi tunanukuu matokeo yao bila kunukuu malipo. Afisa wa watoto wa kaunti ndogo ana eneo kubwa, gari mara nyingi hana, na faili zake nyingi ni za kesi za matunzo na dhuluma. Kuwaomba watu wa Konoin au Ainamoi wabebe jukumu la taifa zima kwa moyo mwema peke yake si sera. Ni kuwategemea. Makanisa yetu, yaliyojenga makao mengi ya watoto na bado yana wafadhili, yangefanya jambo kubwa kama yangeelekeza sehemu ya fedha hizo kwa walezi na kwa wazazi wanaojaribu kuwarudisha watoto wao, na kama kila parokia ingekuwa na mtu mmoja aliyefunzwa wa kuwatembelea.

Hata hivyo upungufu huo haufungi mlango. Unabadilisha tu yale ambayo mlezi lazima ayaulize kabla ya kutia sahihi. Wazazi wa mtoto huyu ni akina nani, na wanatafutwa na nani? Mpango ni upi: arudi kwao, aende kwa jamaa, au aasiliwe, na utakaguliwa upya mwezi gani? Atakuwa akionana na mama yake wapi, na nauli ni ya nani? Ana ndugu waliowekwa kwingine? Ameshahama nyumba ngapi? Amepitia nini ambacho ninapaswa kukijua ili nisimtishe bila kukusudia? Nikizidiwa usiku wa manane nimpigie nani, na akija mtu mwingine mahali pa afisa huyu, faili itabaki wapi? Watoto wa nyumba waliokwisha kupata akili nao waulizwe, bila kusukumwa, kama wako tayari kugawana chumba chao, na hata wazazi wao, na mtu ambaye huenda akaondoka. Wenye shaka waanze na muda mfupi, wiki chache za dharura kwa mtoto ambaye jamaa zake wanatafutwa, waone nyumba inavyobadilika. Na kama swali la mpango halina jibu, afisa aombwe arudi nalo kabla mtoto hajaletwa.